Shule ya wanangu iko chini ya wastani wa jimbo, na mimi sina shida nayo

Shemeji yangu aliyeko Mwanza kanitumia picha ya jedwali WhatsApp. Amezunguka mtandaoni hadi akakuta matokeo ya mitihani ya Winooski, mji tunaoishi hapa jimbo la Vermont, Marekani, yamewekwa kando ya wastani wa jimbo zima. Winooski iko chini, kusoma na hesabu. Akaandika: "Yaani mmevuka bahari mkawapeleke watoto shule ya mkiani?" Ushauri wake ni tuhamie mji wa jirani wenye alama nzuri.

Swali hilo wanalo wengi, hata Waswahili wenzetu wa huku, kwa hiyo acha nilijibu kwa urefu.

Winooski ni kamji ka kama maili moja na nusu ya mraba, ng'ambo tu ya mto ukitoka Burlington. Zamani palikuwa na viwanda vya sufu, na vibarua wake wengi walikuwa Wakanada wanaosema Kifaransa. Leo wageni ni sisi: Wakongo, Wabantu wa Somalia, Wanepali waliofukuzwa Bhutan. Na wilaya ya shule hapa usiifananishe na wilaya yenye DC na Mkurugenzi. Ni shule za umma za mji huo tu, zenye bodi yao ya kuchaguliwa na bajeti yao. Ya kwetu ina wanafunzi wasiofika 1,000, na wote, kuanzia chekechea hadi darasa la 12, wako kiwanja kimoja. Vermont karibu watu 9 kati ya 10 ni Wazungu, halafu humo ndani kuna wilaya hii ambayo Wazungu ndio wachache. Asubuhi mlangoni unaweza kupishana na Kiswahili cha Bukavu, Kinepali na Kisomali kabla hujasikia Kiingereza.

Sasa tuje kwenye hizo alama. Sheria ya shirikisho inataka kila jimbo lipime watoto kuanzia darasa la 3 hadi la 8, na mara moja tena sekondari. Mtoto aliyetoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, mwezi wa kumi akaingizwa darasa la 5 anaweza kusamehewa mtihani wa kusoma kwa mwaka ule wa kwanza. Wa hesabu anafanya. Mwaka unaofuata anafanya yote, na alama zake zinatiwa kapu moja na za mtoto ambaye wazazi wake wote wawili wana shahada. Theluthi moja hivi ya wanafunzi wa Winooski bado wanajifunza Kiingereza. Jimboni kote watoto wa namna hiyo ni wachache mno. Akishakimudu anatolewa kwenye orodha ya wanaojifunza lugha, na anayeshuka kwenye ndege wiki hiyo anaandikwa. Orodha ya namna hiyo itaachaje kuwa nyuma?

Kilichonifanya niliheshimu jimbo hili ni jinsi lilivyoliingiza jambo hilo kwenye fedha, tena kwa kugombana sana. Mwaka 1997, katika kesi ya Brigham, Mahakama ya Juu ya Vermont ilisema kutegemea utajiri wa kila mji kusomesha watoto kunakiuka katiba ya jimbo. Mwaka huohuo ikapitishwa sheria iliyofanya kodi ya majengo inayogharamia shule kuwa ya jimbo zima, na miji tajiri ya milimani, yenye hoteli za watalii wa theluji, ikapiga kelele kwelikweli. Kukabaki swali la nani ahesabiwe vipi. Katika hesabu ya fedha kila mtoto ni 1, na anayejifunza Kiingereza alikuwa anaongezewa uzito wa 0.2 tu, yaani anahesabiwa 1.2. Mwaka 2019 wakatoka watafiti wa Chuo Kikuu cha Vermont na wenzao wakasema uzito huo hauna ushahidi wa maana nyuma yake. Sheria ya 2022 ikaupandisha hadi 2.49, na wa mtoto wa familia maskini ukatoka 0.25 hadi 1.03. Kwa hiyo mtoto wa kutoka Nyarugusu anahesabiwa kama watoto watatu na nusu hivi. Hiyo haimaanishi hundi inaletwa shuleni. Kodi inapangwa kwa matumizi kugawanya kwa watoto waliohesabiwa hivyo, kwa hiyo mji unaweza kuajiri walimu zaidi bila kodi ya wenye nyumba kuruka juu.

Na bajeti yenyewe naipigia kura, mimi nisiye raia. Mwaka 2021 Bunge la Vermont lilipindua kura ya turufu ya Gavana Phil Scott, likaruhusu wakazi halali wa Winooski wasio raia kupiga kura za mji, za shule zikiwemo. Jumanne ya kwanza ya Machi unapewa karatasi yenye kiasi cha fedha ambacho bodi inataka kutumia, unaweka alama ya ndiyo au hapana. Si mchezo: Machi 2024 karibu theluthi ya bajeti za shule Vermont zilikataliwa. Nyumbani Tanzania nimekaa vikao vingi vya wazazi, na ajenda niliyoizoea ni michango: madawati, mlinzi, uji.

Sheria mpya ya 2025 inasukuma wilaya ndogo ziunganishwe. Sababu naielewa. Jimbo lenye watu wasiofika 700,000 lina wilaya za shule zaidi ya 100, wakati mkoa wa Mwanza, wenye watu zaidi ya milioni 3, una halmashauri 8. Ila haki yangu ya kura imeandikwa kwenye hati ya mji wa Winooski, si ya jimbo, kwa hiyo hapo sina haraka ya kushangilia.

Narudi kwa shemeji. Kiasi cha fedha hakilinganishiki: Vermont inatumia zaidi ya dola 20,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, sisi tangu elimu bila ada ianze 2016 ruzuku ya kawaida ni shilingi 10,000 kwa wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari. Ninacholinganisha ni mgawanyo. Mtoto wa Oysterbay ni 10,000. Mtoto wa Kimaasai kule Ngorongoro, anayekutana na Kiswahili cha darasani kwa mara ya kwanza darasa la kwanza, naye ni 10,000. Halafu matokeo ya NECTA yakitoka tunawapanga kwenye orodha moja na kuuliza wa Ngorongoro ana tatizo gani. Baraza liliacha kutangaza shule kumi bora Januari 2023. Orodha watu wanajitengenezea wenyewe.

Na chukua hesabu ya Vermont uipeleke sekondari yoyote ya kata. Mtoto amesoma miaka saba kwa Kiswahili, Januari anaingia kidato cha kwanza, baiolojia kwa Kiingereza, jiografia kwa Kiingereza. Kwa kipimo cha huku, karibu darasa zima lingekuwa kwenye orodha ya wanaojifunza lugha, kila mmoja na 2.49 yake. Kwetu ni 25,000 ileile. Kila Bunge la bajeti nasikia wabunge wakidai ruzuku ipandishwe. Sijasikia wakibishana nani aongezewe zaidi ya mwenzake, na ubishi huo ndio ningependa shemeji anitumie picha yake.