Donge la ini katika hewa nyepesi ya Goma

Dawa inaweza kumpita panya salama, kisha ikaharibu ini la mtu. Hiyo ndiyo hoja nzito ya wanaotaka dawa zipimwe kwenye tishu za pande tatu zilizokuzwa maabarani. Mwaka 2022 chipu za ini (vibao vidogo vyenye seli hai za ini) za kampuni ya Emulate zilipewa dawa 27: zikanasa 87% ya zile zenye sumu, wala hazikuisingizia hata moja iliyo salama. Desemba mwaka huo Marekani ikafuta sharti la kisheria la kupitia kwa wanyama.

Wanaosita nao hawasemi ovyo. Donge la ini, yaani seli za ini zilizoshikana maabarani kuwa tishu ya pande tatu, halina damu inayozunguka, halina figo, halina kinga. Kingamwili za kutibu Ebola zilithibitika kwa wagonjwa wa Beni, Butembo, Katwa na Mangina, si kwa donge lolote.

Ila Goma hata kabla ya ubishi huo kuna kazi. Matrigel, jeli ya kushikilia seli, hukaa kwenye nyuzi −20, na huyeyushwa usiku kucha juu ya barafu ndani ya frigo. Ncha za pipeti nazo hupoozwa. Jeli ikipita nyuzi 10 huanza kuganda, na tone linabaki ndani ya pipeti. Kuranti ikikatika na jenereta haina mazuti, chupa nzima ni ya kutupa.

Kinachosahaulika zaidi ni mwinuko. Kwenye mita 1,500, kama hapa Goma, kanieneo la hewa ni kama 83% ya lile la pwani. Inkubeta ikiwekwa kaboni dayoksaidi 5%, pH ya kimiminika cha kukuzia seli inapanda. Iwekwe karibu 6%. Oksijeni nayo ni haba: donge likikaribia nusu milimita, kiini chake hufa, na huku kwetu hufa mapema zaidi. Mtu atahesabu seli zilizokufa, kisha ailaumu dawa.

Kwa hiyo jeli ya bei kali isubiri. Chemsha agarosi (unga wa mwani unaoganda kama jeli) 1.5%, weka mikrolita 50 katika kila kisima cha sahani ya visima 96. Ikiganda inaacha kibonde. Tia seli 1,000 za HepG2, aina ya seli za saratani ya ini zinazokuzwa maabarani, na baada ya siku tatu au nne zimeshikana donge. Kasoro yake si ndogo: vimeng'enya vya HepG2 ni hafifu, hivyo parasetamoli, ambayo sumu yake huzaliwa ini linapoichakata, yaweza kuonekana haina hatia. Ndiyo maana kila sahani iwe na visima vya klorpromazini, dawa inayojulikana kuumiza seli za ini, na vingine vya kiyeyushi kitupu kisicho na dawa, ili kuwe na cha kulinganisha.