Kadi ya pili ya seva ni tairi la akiba, si injini ya pili

Seva imekuja na poti mbili za mtandao za gigabiti 1. Fundi anachomeka kebo zote mbili, anaziunganisha kuwa bondi moja (bonding, yaani Linux inazichukulia kadi mbili kama moja), anatangaza ofisini kwamba sasa tuna gigabiti 2. Jioni anahamisha faili la gigabaiti 100 kwenda seva ya bakapu. Dakika 14, zilezile za jana. Hapo lawama zinaanza: kebo mbovu, swichi ya bei rahisi, Linux hii.

Hakuna kilichoharibika. Gigabiti 1, ukishatoa gharama ya vichwa vya pakiti, inabaki kama megabaiti 117 kwa sekunde, na koneksheni moja ya TCP kati ya seva mbili hupita kwenye kebo moja tu. Karibu kila aina ya bondi imeundwa hivyo kwa makusudi, ili pakiti za mazungumzo mamoja zifike kwa mpangilio. Bondi hugawa mazungumzo, haipasui mazungumzo.

Iko modi moja inayopasua, balance-rr, na kwa bahati mbaya ndiyo ambayo draiva ya Linux huichukua yenyewe usipotaja modi. Pakiti ya kwanza inapita kebo ya kushoto, ya pili kulia, kwa zamu. Ya pili ikitangulia kufika, mpokeaji hurudia kuomba ileile iliyokosekana. Maombi matatu ya kurudia yakifika, mtumaji anaamini pakiti imepotea, anaituma upya na kupunguza mwendo. Isitoshe, swichi ambayo haijaandaliwa inaona anwani moja ya MAC (namba ya utambulisho wa kadi) ikiruka kati ya poti mbili mfululizo, na baadhi ya swichi huchukulia hiyo ni kitanzi. Nje ya seva mbili zilizounganishwa kebo kwa kebo bila swichi katikati, sioni pa kuitumia.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: seva nyingi zinahitaji active-backup, modi namba 1, na hazihitaji kingine. Kebo moja inafanya kazi, nyingine inasubiri. Swichi haihitaji mpangilio wowote wa pekee, na kebo mbili zinaweza kwenda kwenye swichi mbili zisizojuana kabisa. Wanaosema kadi ya pili "inakaa bure" waangalie kwanza grafu zao. Kama seva haijawahi kugusa megabiti 600 mchana wa kazi, hakuna kasi unayopoteza.

Kwenye Linux inayotumia NetworkManager kusimamia mtandao, kazi yote ni mistari hii (eno1 na ens2f0 ni majina ya kadi mbili za seva):

nmcli con add type bond con-name bond0 ifname bond0 bond.options "mode=active-backup,miimon=100"
nmcli con mod bond0 ipv4.method manual ipv4.addresses 192.168.10.5/24 ipv4.gateway 192.168.10.1
nmcli con add type ethernet con-name bond0-a ifname eno1 master bond0
nmcli con add type ethernet con-name bond0-b ifname ens2f0 master bond0
nmcli con up bond0

Fanya ukiwa mbele ya seva, au kupitia konsoli ya IPMI, ile ya kuiendesha seva kwa mbali bila kutegemea kadi hizi. Usifanye kupitia SSH inayopita kwenye eno1, maana anwani ya IP inahama kutoka kadi kwenda bondi na wewe unabaki nje ya mlango. Kisha futa wasifu wa zamani wa eno1. Ukiuacha, seva ikiwashwa upya unagombania kadi na wasifu mpya, bondi inaamka na mguu mmoja, na hakuna atakayejua mpaka siku mguu huo utakapokatika. Wa Ubuntu nao wasiitegemee sana netplan try, amri ya kujaribu mipangilio ya mtandao: kile kinga chake cha kurudisha mipangilio ya awali baada ya sekunde 120 hakifanyi kazi kwa vigezo vya bondi, na programu yenyewe hukuambia hivyo.

Ile miimon=100 maana yake ni kwamba draiva inakagua kila milisekunde 100 kama kadi ina mawasiliano na poti ya upande wa pili. Iandike mwenyewe. Kwenye matoleo ya zamani ilikuwa sifuri usipoitaja, yaani hakuna anayekagua, na bondi inaendelea kutuma pakiti kwenye kebo iliyokufa.

Lakini jua miimon inaona nini. Inaona taa ya poti, basi. Swichi ikiwa hai huku kebo yake ya kwenda kwenye swichi kuu imekatwa, taa ya seva bado ni ya kijani na bondi haina sababu ya kuhama. Seva inazungumza na swichi iliyotengwa na dunia, kebo ya pili nzima inasubiri, watumiaji wanapiga simu. Dawa ni kuacha miimon na kutumia arp_interval pamoja na arp_ip_target: kila sekunde moja, kwa mfano, seva inaiulizia kwa ARP (swali la "nani ana IP hii?") anwani uliyoitaja, na jibu lisiporudi inahama. Taja anwani mbili, ruta na kifaa kingine kisichozimwa ovyo, kwa sababu ukitaja ruta peke yake, siku ikiwashwa upya seva itaamini kebo zote mbili zimekufa. Ongeza arp_validate=all ili isidanganywe na trafiki ya watu wengine inayopita. Njia hii haifanyi kazi na LACP, modi ambayo seva na swichi hukubaliana kutumia kebo zote kwa pamoja; kwenye active-backup ndiyo mahali pake.

Kuna tatizo jingine linalowakuta wengi, nalo hujitokeza wakati swichi inarudi, si wakati inakufa. Swichi ikiwashwa, poti inawaka kabla haijaanza kupitisha pakiti. Spanning tree ya zamani, kinga ya swichi dhidi ya vitanzi, huishikilia sekunde 30, 15 za kusikiliza na 15 za kujifunza. Ikiwa unatumia miimon na umeitaja eno1 kuwa primary, yaani kadi inayopewa kipaumbele, bondi inaona taa, inarudi mbio kwa eno1, na kwa nusu dakika pakiti zinamwagwa shimoni. Umeme wa kukatika na kurudi mara tatu kwa siku utakuonyesha hili mara tatu kwa siku. Weka updelay=40000, yaani subiri sekunde 40 baada ya taa kuwaka, na primary_reselect=failure, ili bondi isihame bila sababu. Au usitaje primary kabisa. Upande wa swichi, poti za seva ziwekwe portfast, yaani zisisubiri hizo sekunde 30, au jina lolote ambalo mtengenezaji wako ameipa.

Sasa njia yenyewe. Poti mbili za kadi moja zina chipu moja na zimekaa kwenye slot moja. Kadi ikifa zinakufa pamoja. Chukua poti moja kwenye ubao mama na nyingine kwenye kadi ya kuchomeka. Kebo ziende swichi tofauti, na swichi hizo zisinywe umeme kwenye UPS moja. Hili la mwisho ndilo linalosahaulika zaidi: swichi mbili nzuri, kebo mbili nzuri, na ekstensheni moja chini ya meza.

Mtu atauliza, LACP je? Ni nzuri, kwa masharti. Iwe seva inayohudumia watu wengi kwa wakati mmoja, swichi iwe inasimamiwa, na kama unataka kutumia swichi mbili, ziwe zimeungwa kiasi kwamba mbele ya seva zinajitambulisha kama moja. Ukichomeka kebo mbili kwenye swichi mbili zisizojuana, Linux itaunda makundi mawili na kutumia moja tu. Umejitesa na mipangilio yote ili upate active-backup.

Na hata masharti yakitimia, kuna heshi, hesabu inayochagua pakiti ipite kebo ipi. Hapa ndipo mgawanyo unapopatikana au kupotea. Ukiacha chaguo la kawaida, layer2, draiva inachukua MAC ya seva na MAC ya anayetumiwa, inafanya XOR (hesabu ya kulinganisha biti), inagawa kwa idadi ya kebo, na baki ndiyo namba ya kebo. Kwa kebo mbili, kinachoamua ni kama baiti ya mwisho ni shufwa au witiri. Seva yenye MAC inayoishia 3a ikihudumia kompyuta zinazoishia 10, 4c, 9e na b2, zote ni shufwa, zote zinatumiwa kwa kebo namba 0. Kebo ya pili haipati hata pakiti moja ya kazi. Mbaya zaidi, kama watumiaji wako subneti nyingine, MAC ya anayetumiwa ni ya ruta kwa kila pakiti: kebo moja, siku zote, wawe watu 5 au 500.

Weka xmit_hash_policy=layer3+4, ili IP na namba za poti ziingie kwenye hesabu. Kwa pakiti zilizokatwa vipande haifuati kikamilifu 802.3ad, kiwango cha LACP, lakini kwenye mtandao wa kawaida wa ofisi hilo halionekani. Na kumbuka heshi ya seva inahusu kinachotoka. Kinachoingia kinaamuliwa na heshi ya swichi, ambayo ina mpangilio wake. Grafu ikionyesha kutuma kumegawanyika vizuri huku kupokea kumelalia upande mmoja, usihangaike na seva.

Weka pia lacp_rate=fast. Kwa slow, pande mbili hupeana habari kila sekunde 30 na huvumilia kimya cha sekunde 90. Kwa fast ni sekunde 1 na 3.

Kujua kama LACP imekubali, soma /proc/net/bonding/bond0. Partner Mac Address ikiwa sifuri tupu, swichi haizungumzi LACP. Mara nyingi mtu ameiwekea kundi la kudumu lisilotumia LACP badala yake, au poti ni tofauti na ile iliyoandikwa kwenye karatasi. Aggregator ID (namba za kundi) za kadi mbili zikitofautiana, kadi hizo haziko kundi moja na moja imekaa pembeni.

Kwa hifadhi ya data, mara nyingi bondi si jibu. iSCSI, ya diski kupitia mtandao, ina multipath (njia nyingi) yake, kila kadi na IP yake, na inagawa vizuri kuliko bondi yoyote. NFS, ya kushirikiana mafaili, kwenye kiini cha Linux kuanzia 5.3 ina nconnect, inayofungua koneksheni kadhaa za TCP, na hizo ndizo layer3+4 inaweza kuzigawa. SMB 3, ya kushirikiana mafaili kwa Windows, ina multichannel, inayotumia kadi kadhaa kwa pamoja. Kwa Windows Server, teaming (bondi ya Windows) iliyokuja na toleo la 2012 bado inafaa kwa seva ya kawaida, ila kwa Hyper-V, yenye mashine pepe, tumia SET (Switch Embedded Teaming), iliyoingia na toleo la 2016. Inafanya kazi bila kuishirikisha swichi na inataka kadi zinazofanana.

Baada ya yote hayo, chomoa kebo. Si ip link set down peke yake. Nenda nyuma ya seva, acha ping ikienda, chomoa. Pakiti moja au mbili zikipotea ni sawa. Zikipotea 30, rudi kwenye spanning tree. Zikipotea zote, angalia mambo mawili: VLAN (mtandao uliotengwa ndani ya swichi) ambayo mtu amesahau kuiweka kwenye poti ya pili, na ulinzi wa poti unaoruhusu MAC ya seva kwenye poti ya kwanza tu. Active-backup inahama na MAC ileile, kwa hiyo swichi iliyofungiwa namna hiyo inaikataa kama mwizi. Makosa haya mawili yanaweza kulala miaka, kwa sababu poti ya pili haijawahi kufanya kazi hata dakika moja.

Ndiyo maana mara moja kwa mwezi, nje ya saa za kazi, ihamishie zamu:

echo ens2f0 > /sys/class/net/bond0/bonding/active_slave

Iache hapo mpaka mwezi ujao, kisha irudishe kwa eno1.