Makala ya Fokker Itatutoa Roho

Hebu niambieni, ndugu zangu, mtu aliyekufa 1939 anawezaje kuwanyima watu usingizi mpaka leo? Anthony Fokker, Mholanzi mwenye viwanda vya ndege, kajifia zake New York tarehe 23 Desemba, miaka 49 tu, kaacha mali, kaacha jina. Sisi katuachia makala ya kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo yeyote anaweza kuihariri, na kila ukiifungua unakuta kuna mtu kaivuruga.

Mstari wa kwanza tu, ngumi. Jina lake kamili ni Anton Herman Gerard Fokker. Haya, liweke mwanzoni, kwenye kichwa acha Anthony maana ndilo dunia inalolijua, kwisha habari. Thubutu! Wameshahamia mahali alipozaliwa. Huyu kaandika Blitar, yule kafuta kaweka Kediri, huyu karejesha, yule karejesha, na wote wawili wana tanbihi zao safi kabisa. Sasa chukua ramani ya Java ya enzi za Waholanzi: Blitar ilikuwa ndani ya mkoa wa Kediri. Watu wanatoana macho kwa kusema kitu kimoja! Andika "Blitar, mkoa wa Kediri, kisiwani Java, 6 Aprili 1890", tuendelee na maisha. Lakini wapi, atazuka wa tatu aandike "Indonesia", nchi iliyojitangazia uhuru 1945, miaka sita tangu marehemu atutoke.

Ya uraia siyasemi sana. Mholanzi, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza akapata uraia wa Ujerumani, baadaye akadai alisukumiziwa, miaka ya 1920 akahamia Marekani. Sanduku la habari, kile kijedwali cha pembeni mwa makala, lina kijistari kimoja cha uraia, watu wanataka kuligeuza ofisi ya uhamiaji.

Njooni kwenye bunduki. Hapo ndipo marejesho matatu, kikomo cha mtu mmoja kwa siku, yanapoisha kabla ya chai ya saa nne na mkabidhi, yaani msimamizi wa kamusi, anafunga ukurasa.

"Fokker alivumbua mtambo wa kupiga risasi katikati ya pangaboi." Yaani ipite kati ya mapanga yanayozunguka kwenye pua ya ndege bila kuyagonga. Sentensi hiyo ukiiacha jioni, asubuhi unaikuta imevishwa alama ya "chanzo kinahitajika". Na aliyeivisha, wallahi, ana haki. Franz Schneider, Mswisi aliyekuwa akifanya kazi LVG, kiwanda cha ndege cha Ujerumani, aliomba hataza (hati ya umiliki wa uvumbuzi) ya wazo hilo 1913. Mfaransa Raymond Saulnier akaja na lake 1914. Fokker anaingia 1915, baada ya rubani Mfaransa Roland Garros kuangukia upande wa Wajerumani tarehe 18 Aprili. Tena ndege ya Garros haikuwa na mtambo wa kuoanisha risasi na pangaboi! Ilikuwa na vipande vya chuma vyenye ncha, vimefungwa kwenye pangaboi, risasi ikigonga iteleze pembeni. Kwa hiyo anayeandika kwamba Fokker "alinakili mtambo wa Garros" anamtuhumu mtu kuiba kitu ambacho hakikuwepo. Akitaka kumshika uchawi, mwili wa ndege ndio huo hapo: ile Eindecker, ndege ya Fokker ya bawa moja iliyofungwa mtambo huo, imefuata umbo la Morane-Saulnier ya Wafaransa, ila kiunzi cha mwili Fokker alikifanya cha mabomba ya chuma yaliyochomelewa.

Mtambo wenyewe si uganga. Kamu, gurudumu lenye nundu, inazungushwa na injini, kamu inasukuma fimbo, fimbo inafyatua bunduki. Piga hesabu: injini ikienda mizunguko 1,200 kwa dakika na pangaboi likiwa na mapanga mawili, mbele ya mtutu panga linapita mara 2,400 kwa dakika, yaani mara 40 kila sekunde. Bunduki haina mbio hizo. Wazo la Schneider lilikuwa kuizuia bunduki kila panga linapopita, ambayo ni kazi ya kujitafutia presha. Mtambo wa Fokker unageuza mambo: injini ndiyo inayoamuru risasi itoke, pale tu panapokuwa wazi. Sifa ya Fokker na mafundi wake, Heinrich Lübbe akiwamo, iko hapo, na ndiyo aya ambayo kila mwezi hufutwa na mtu anayesema ni "maelezo marefu mno". Kisha huyohuyo anaongeza aya tatu kuhusu rangi ya ndege za Richthofen, yule rubani Mjerumani maarufu.

Na usidhani mtambo ukiwa mzima mambo yameisha. Baruti ya risasi ikichelewa kuwaka, hata kama kamu imefanya kazi yake barabara, risasi inatoka wakati panga limeshafika. Ndiyo maana hakuna amani kwenye kifo cha Max Immelmann, rubani Mjerumani wa Eindecker, 18 Juni 1916. Waingereza wanasema walimwangusha wao. Wajerumani wengi wakasema mtambo uliharibika, akalikata pangaboi lake mwenyewe. Fokker hakukubali hata kidogo kwamba kosa ni la mtambo wake. Mhariri mwenye akili anaziweka kauli zote tatu, kila moja na mwenyewe. Sisi tunachagua moja, tunaipamba, tunaanza matusi kwenye ukurasa wa majadiliano.

Mnajua tatizo ni nini? Tatizo ni Fokker mwenyewe. Alitoa kitabu cha maisha yake 1931, na nusu ya makala inakunywa kisima hicho kimoja. Mtambo wa bunduki kauunda kwa saa 48: kasema nani? Yeye. Mwaka 1918 Ujerumani imeshindwa, mkataba wa kusitisha vita unaitaja D.VII, ndege ya kivita ya Fokker, kwa jina katika ndege za kusalimishwa, naye anavusha mpakani kwenda Uholanzi treni sita za mabehewa sitini sitini, ndege 220, injini zaidi ya 400: kahesabu nani? Yeye. Kuvusha alivusha kweli, na 1919 kiwanda chake cha Uholanzi kikaanza. Lakini hesabu ya mwenye mzigo wa magendo haiandikwi kama risiti ya forodha. Weka "kwa maelezo yake mwenyewe" mbele yake. Maneno manne! Watu wanayafuta kwa kuwa eti yanapunguza heshima ya marehemu.

Halafu Reinhold Platz. Kuna kambi inasema ndege zote nzuri za Fokker alizisanifu Platz, fundi wa kuchomelea, na tajiri alikuwa mtu wa kuvizia sifa. Kambi nyingine inasema Platz alikuwa hodari wa karakana tu. Ndege hazikuundwa na mtu mmoja, lakini sanduku lile lina nafasi ya jina moja, basi kila asubuhi limebadilika.

Wenye mapenzi na Fokker nao wana mkasi wao. Gusa mabawa ya mbao uone! Mwaka 1917 mabawa ya juu ya Dr.I, ndege ya Fokker ya mabawa matatu, yalivunjika angani, rubani Heinrich Gontermann akafa. Kazi ilifanywa ovyo na unyevu ukaingia. Tarehe 31 Machi 1931 F.10, ndege ya abiria, ikakatika bawa Kansas, Marekani, wakafa watu wanane, kocha wa kandanda ya Kimarekani Knute Rockne akiwamo. Unyevu tena, umekula gundi ndani ya bawa, mahali ambapo fundi hawezi kuona bila kubandua ubao. Ukiandika hivyo unaambiwa una chuki na mbao.

Na wa kwetu hawakosekani. Yuko anayekumbuka ndege za abiria za F27 za Air Tanzania na Kenya Airways, moyo unamjaa, anaingia na kuandika kwamba Fokker aliunda F27. F27 iliruka mara ya kwanza Novemba 1955! Ni ya kampuni, bwana, si ya mzee. Unaifuta kwa upole, unaacha maelezo. Baada ya nusu saa imerudi, na safari hii ina picha.