Treni za Ulaya nazo huchelewa

Mwandishi, umesema treni za Ulaya "zinakwenda na saa". Nimecheka mwenyewe! Mwaka jana nilitoka Frankfurt kwenda Brussels na mama mkwe, tukibadilisha treni Köln. Ya kwanza ikachelewa dakika 40, tukafika ya pili imeshaondoka. Baridi kali, mabegi manne, na mama kila baada ya muda ananiuliza, "Mwanangu, hakuna basi hapa?" Basi lilikuwepo, ila limejaa.

Halafu angalia hesabu zao: Ujerumani, treni ikichelewa chini ya dakika 6 inahesabiwa imewahi, na iliyofutwa kabisa haimo kwenye takwimu za ucheleweshaji!

Haki zipo lakini. Kwa sheria ya Umoja wa Ulaya, ukifika mwisho wa safari umechelewa saa 1 unadai 25% ya nauli, kuanzia saa 2 ni 50%. Shida ni tiketi. Mimi kwa ubahili nilinunua mbili, kampuni mbili tofauti, kwa hiyo kila moja ilihesabiwa peke yake. Dakika 40 hazilipwi. Tiketi ya Brussels nikanunua upya dirishani, na mama mkwe pembeni ananitazama tu.