Lori la zamani na vipuri vya kuunga: pima kipenyo, lakini uliza chuma

Miongoni mwetu tunaofufua malori ya zamani ipo kambi inayoamini kwamba Bedford la miaka ya 1960 likikosa krosi ya propela ya kiwandani (kiungo cha umbo la msalaba kwenye propela, yaani shafti ndefu inayopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi ekseli ya nyuma), ni afadhali liendelee kukaa juu ya mawe hadi krosi hiyo ipatikane Uingereza. Ipo kambi nyingine, iliyo kubwa zaidi katika gereji zetu, inayoamini kwamba hakuna chuma kilichokatika ambacho mashine ya kuchomelea haiwezi kukiunga. Msimamo wangu ni huu: sehemu ambayo uzima wake unategemea vipimo, itafutiwe mbadala bila aibu yoyote, lakini sehemu ambayo uzima wake unategemea aina ya chuma na jinsi kilivyopikwa, yaani kilivyopashwa moto na kupozwa ili kiwe imara, isiundwe gerejini kwa kubahatisha.

Kambi ya kwanza husahau kwamba mtengenezaji mwenyewe hayupo tena. Bedford ilikuwa nembo ya malori ya Vauxhall, kampuni ya Uingereza iliyokuwa mali ya General Motors. Kiwanda chake cha Dunstable kiliuzwa mwaka 1987, na AWD, kampuni iliyokichukua, ikafilisika mwaka 1992. Kipuri cha asili kinachouzwa leo kimekaa stoo kwa zaidi ya miaka thelathini, na kama ni sili, ile pete inayozuia oili isivuje, basi mpira wake umeshakauka. Nchini Pakistan, ambako Bedford wameendelea kubeba mizigo muda mrefu baada ya Uingereza kuwaacha, mafundi hawakusubiri, walianza kujitengenezea vipuri.

Beringi, sili na krosi ni vitu vya vipimo. Beringi yenye namba 6207 ina tundu la milimita 35, kipenyo cha nje cha milimita 72 na unene wa milimita 17, iwe ilitengenezwa Japani au Sweden, na iwe imetoka kwenye lori au kwenye pampu ya maji. Sili nayo hutambulika kwa namba tatu zilizoandikwa juu yake. Krosi hupimwa kipenyo cha kikombe na urefu kutoka kikombe hadi kikombe, kisha huangaliwa kama klipu zake hukaa ndani au nje. Ukienda Gerezani jijini Dar es Salaam, au Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, usitaje jina la gari; peleka vipimo, maana muuzaji akisikia “Bedford” atakujibu kwamba hakuna kabla hujamaliza sentensi.

Mtego uko kwenye inchi. Shafti nyingi za Kiingereza za enzi hizo zilikerezwa kwa inchi, na inchi moja na robo ni milimita 31.75. Fundi mwenye haraka huchukua beringi ya milimita 32, kisha huipiga shafti alama za panchi kuizunguka ili ishike. Itashika kwa muda, halafu vijipele hivyo vitalala na beringi itaanza kuzunguka juu ya shafti na kuila. Hakuna sababu ya kufanya hivyo, kwa kuwa beringi za inchi bado zinatengenezwa, hasa zile za rola zilizochongoka.

Katika kazi zote za aina hii, ninayoipenda zaidi ni ya klachi pleti. Meno ya shafti ya giaboksi ndiyo yanayoamua kitovu cha pleti kiweje, lakini sahani inayosuguana inaamuliwa na kipenyo cha flaiwili tu, lile gurudumu zito la nyuma ya injini. Kwa hiyo fundi hodari huchukua kitovu cha pleti ya zamani, hukagua kama meno yake hayajalika, kisha hukipigilia ribiti ndani ya sahani ya lori linalouzwa hadi leo, kwa mfano Isuzu, yenye kipenyo kinacholingana. Kabla ya ribiti ya mwisho pleti huvishwa kwenye shafti na kuzungushwa kwa mkono, na ikiyumba hata kidogo hufumuliwa ikaanza upya.

Propela nayo inaweza kukatwa au kurefushwa, kwa sababu bomba lake ni chuma laini kinachokubali kuchomelewa. Tatizo ni kwamba wengine hulibadilisha kwa bomba la maji, ambalo unene wake haulingani pande zote, na lori likikolea mwendo sakafu nzima hutetemeka. Vilevile krosi inayofanya kazi kwa pembe haitoi mwendo sawa: shafti inayopokea huongeza na kupunguza kasi mara mbili katika kila mzunguko. Krosi ya upande wa pili huifuta tofauti hiyo, mradi pembe zilingane na yoki (nyuma zinazoshika krosi) za ncha zote mbili za propela zikae mstari mmoja. Ndiyo maana mstari wa chaki hupigwa kutoka ncha hadi ncha kabla ya kukata, na baada ya kushikiza kwa nukta chache propela hurudishwa kwenye leth, mashine ya kukerezea, ipimwe kwa saa ya kupimia mpindo. Mimi sikubali ipinde zaidi ya nusu milimita.

Kwenye shafti za magurudumu hesabu hubadilika kabisa. Tuchukulie injini inatoa msokoto (nguvu ya kuzungusha) wa niutoni-mita 300, gia ya kwanza inauzidisha mara 6 na difu, yaani gia za ekseli ya nyuma, mara 6 tena kisha inaugawa kwa shafti mbili. Propela inabeba 1,800, ilhali kila shafti ya gurudumu inabeba 5,400. Shafti hiyo ni chuma cha aloi kilichopikwa. Ukikichomelea bila kukipasha moto kwanza, ukingo wa weldi hugeuka mgumu na dhaifu kama kioo. Mwenye kutaka mpya anunue chuma cha aloi cha daraja la EN24 katika hali ya T, ambacho huuzwa kikiwa kimeshapikwa na bado kinakerezeka, na akatae kabisa kipande kisichojulikana kutoka yadi ya chuma chakavu.

Kuhusu kraunwili na pinioni, gia kubwa na ndogo zinazoshikana ndani ya difu, sina mjadala, hizo haziungwi. Zikiisha, badilisha ekseli nzima ya nyuma, na wanaosema hapo lori limepoteza asili yake waseme. Linganisha uwiano wa difu kwanza. Vikalio vya springi visichomelewe kabla pembe ya pinioni haijalinganishwa na ya giaboksi, la sivyo kazi yote ya propela itakuwa ya bure. Na hesabu bolti za gurudumu: zikitofautiana na za mbele, itabidi utembee na tairi mbili za akiba.