Kabla hujaniomba dawa ya macho ya Marekani, mpeleke mzee akapimwe

Mwangaluka ndugu zangu wa Mwanza. Tangu habari za dawa mpya za makula zianze kuzunguka, yaani ugonjwa wa uzeeni unaoharibu katikati ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kila wiki kuna mtu wa nyumbani ananiomba nimtumie mama yake, na naelewa kabisa maana mzazi akipoteza macho inauma. Ila ngoja niseme ninachokiona huku Marekani.

Nafanya kazi ya kutunza wazee, kuna bibi mmoja namsindikizaga kwa daktari wa macho. Ana makula kavu iliyofika mbali, seli za katikati ya retina zimekufa, pembeni anaona ila uso wako haujui mpaka uongee. Anawekwa ganzi anachomwa sindano ndani ya jicho lenyewe, mwezi ukiisha tena. Dawa ziko mbili, Syfovre na Izervay, zote ziliruhusiwa huku 2023, kichupa kimoja kinapita dola 2,000, bima ndo inabeba. Na uoni uliopotea haurudi, zinapunguza tu kasi ya kuharibika, hadi Ulaya 2024 waliikataa Syfovre kwa sababu hawakuona inamsaidia mgonjwa kwenye maisha yake ya kila siku. Kinachonipa moyo zaidi ni PRIMA, kachipu ka milimita 2 kwa 2 kanapandikizwa chini ya retina halafu unavaa miwani yenye kamera, kati ya watu 32 waliofuatiliwa mwaka mzima 26 walisoma herufi nyingi kuliko mwanzo. Hayo ni matokeo ya utafiti lakini.

Sasa shangazi yangu wa Kirumba, mchambuaji wa dagaa pale Mwaloni, macho yalififia akaambiwa hospitali moja "ni uzee mama" akarudishwa nyumbani, hakuna hata aliyemtia matone ya kupanua mboni amulike nyuma ya jicho!! Tulipompeleka kwingine kumbe mtoto wa jicho, akapasuliwa, leo anatoa kokoto kwenye dagaa mwenyewe. Yule bibi wa huku na bima yake yote hawezi kurudishiwa uoni hivyo.

Kwa hiyo tupiganie vipimo kwanza, hizo sindano baadaye. Mzee afunge jicho moja moja aangalie fremu ya mlango, mstari ukipinda au katikati pakiwa na kiwingu mpeleke hospitali ya Bugando mapema, na kama anavuta sigara aache. Na ukifika muulize daktari, retina umeiangalia?