Kokoro halingoji ziwa lifungwe

Inaniudhi kila nikisikia kwamba mvuvi wa Ziwa Tanganyika hajui kupumzisha maji. Anajua sana. Mbalamwezi ikishatanda taa haivuti dagaa, na tangu enzi za karabai vyombo vya Kibirizi na Katonga, Kigoma, hukaa nchi kavu siku hizo, watu wakishona nyavu wakingoja giza. Hakuna askari anayewasimamia.

Ziwa lilipofungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, wengi walilia njaa, na walikuwa na haki. Nakubali, japo shingo upande, kwamba mapumziko yale yalihitajika: dagaa huishi mwaka mmoja na ushei tu, hivyo akiachwa azae, ziwa hupata nafuu upesi. Lakini miezi 3 haimtoshi samaki anayeharibiwa mwaka mzima pale ufukweni.

Nalisema kokoro, wavu wa kukokotwa hadi ufukweni. Mtumbwi huulaza wavu nusu duara, ncha za kamba zikibaki nchi kavu, kisha watu huvuta pande zote mbili. Kamba ya chini ina vizito, hivyo hukwangua mchanga na kusawazisha viota vya samaki. Kifuko cha katikati kikishonwa kwa chandarua, dagaa wachanga waliokuja kukulia kwenye maji mafupi huzolewa kabla hawajaenda kilindini. Mtazame na kuhe, mkubwa kuliko wote wa ukoo wa sato: dume na jike hulinda watoto wao pamoja, karibu na ufuko. Kokoro likiwabeba wazazi, kundi zima la watoto huliwa na samaki wengine.

Anayeweza kulizuia ni BMU ya mwalo, yaani kamati ya wavuvi wenyewe ya kulinda uvuvi, kwa sababu inajua kokoro ni la nani na huvutwa saa ngapi. Kuruwitu, kule Kilifi, Kenya, wavuvi wenyewe walitenga sehemu ya bahari yao. Hapa vijiji vinaweza, ila mambo hukwama kwenye karatasi. Mkutano mkuu wa kijiji hupitisha sheria ndogo ya kutenga mazalia, watu hunyoosha mikono, kisha muhtasari hulala ofisini bila kufika baraza la madiwani. Bila idhini ya halmashauri faini ya kijiji haina nguvu. Mwenye kokoro analijua hilo, na huondoka na wavu wake mbele ya macho yenu.

Mipaka nayo isitegemee maboya ya madumu peke yake. Mawimbi ya kusi hukata kamba, zinazobaki huibwa. Pakeni rangi nyeupe kwenye mwamba wa kila upande, ionekane kutoka majini.

Halafu kuna mafuta. Kamati inapewa jukumu la doria, kisha inaambiwa ijichangishie petroli, tena kwa wavuvi walewale inaotakiwa kuwakamata! Hapo upendeleo haukwepeki. Halmashauri inachukua ushuru mwaloni. Itenge fungu la mafuta ya doria kwenye bajeti, na fungu hilo lifike mikononi mwa BMU kabla giza la mwezi halijaanza.